Kinanda Kisichosema La

Nilikinunua Mtaa wa Aggrey kwa fundi redio,
kimefungwa kamba ya katani,
bei ya kutupa kwa sababu ya jino moja:
la ya katikati ilikuwa bubu.
"Utaizoea," akaniambia. Nikaizoea.

Filamu ya kwanza niliitungia Tabata Kimanga,
godoro nimeliegesha dirishani kumzima jogoo wa Mama Siwatu,
feni imelala, jasho linadondokea waya.
Mwongozaji alitaka vita: farasi, moto, majeshi.
Nilikuwa na sufuria mbili na kwaya ya watu watatu,
mmoja wao mimi.
Umeme ukakatika farasi wakiwa katikati ya mto.
Wakangoja humo mpaka saa nane usiku.

Ikaja ya pili, ya tano, ya kumi na moja.
Foleni ya tiketi ilifika kwenye maegesho.
Gazeti likaandika: Edeltruda Kapinga
huiruka noti moja kama mtu arukaye kaburi,
hiyo ndiyo falsafa yake.
Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Malipo? Yako njiani.
Njiani kama mgeni anayepiga simu "nipo Ubungo"
kumbe hajatoka kitandani.
Nami, kama kinanda changu, sikujua kusema la.

Kila filamu ikiisha nilibaki kitini,
majina yanapanda, taa zishawashwa,
mfagiaji anafagia bisi chini ya miguu yangu.
Siku moja nikamwonyesha: yule pale, mimi.
Akaegemea ufagio, akasoma polepole.
"Mbona wamekuandika Edelruda?"

Mama alipofariki, vijana wa mtaa walileta spika msibani,
wakaweka muziki wa ile filamu ya mama anayekufa.
Hawakujua ni wangu.
Wanawake wakaangua kilio.
Mimi nilikuwa nahesabu:
fidla imechelewa nusu pigo,
na pale pa la kuna shimo,
na ndani ya shimo, kwa mbali, jenereta ya jirani,
na kikohozi cha mama, chumba cha pili,
anakibana asiniharibie kazi.

Sasa nina kinanda kizima, meno themanini na manane.
Kidole bado kinaruka.
Jana mwongozaji kapiga: anataka machozi
kufikia Ijumaa, malipo yako njiani.
Nikaibonyeza la,
nikaiacha ilie peke yake
mpaka simu ikakatika.