Sifuri, Sifuri, Nne

Rangi ya juu ni nyeupe, ya muuzaji,
haina hata mwaka, bado inanuka duka.
Niliisugua kwa msasa wa maji, taratibu,
kama mtu anayemwosha mtoto mwenye homa.
Chini yake ikatoka buluu,
chini ya buluu manjano iliyoungua,
na ndani ya manjano namba isiyotimia:
tatu, na mguu mmoja wa saba.

Agosti, Sanaiya ya Ghala, nyuma ya maduka ya betri.
Saa tano asubuhi bati linalia lenyewe,
kiyoyozi kinatema maji ndooni.
Hafidhur wa karakana ya jirani akachungulia:
"Bi Shinuna, hili gari au jeneza?"
Sikumlaumu. Linanifika kiunoni.
Mtu huliingia kwa kujikunja,
kama anayeomba kurudi tumboni.

Bwana Mundhir alilinunua mnadani, ng'ambo,
pamoja na faili lenye picha tatu.
Faili linasema lilishinda:
saa ishirini na nne, mvua ya alfajiri, kombe, maua.
Lakini chini ya kiti nilikuta daftari la mtunza saa,
penseli, mwandiko wa mtu aliyekosa usingizi.
Binti yangu akaliweka mbele ya simu, simu ikatusomea.
Daftari halijui kubembeleza.

Mbio ya kwanza, mizunguko arobaini, klachi.
Ya pili halikuanza.
Ya tatu, saa tisa usiku, taa ya kushoto ikazimika,
na dereva akaiona njia
kwa taa za waliokuwa wakimpita.
Walimpita wengi. Ndiyo iliyomwokoa.
Akamaliza wa kumi na saba.
Kisha moto. Kisha moto tena, mdogo,
wakauzima kwa blanketi na matusi.
Ya mwisho ina neno moja, limemwagikiwa chai:
*tumefika.*

Nikalala chini, tochi mdomoni.
Chini ya pua kuna mshono wa kuchomelea,
mbaya, wa pupa, wa fundi aliyepewa dakika tisa.
Nikaupitisha kidole. Umeshika miaka hamsini.
Na kwenye bomba la fremu, muhuri:
sifuri, sifuri, nne.
Lililoshinda lilikuwa mbili, pacha wake,
nalo liliuzwa vipande vipande, hakuna ajuaye wapi.
Ile nne mtu alikwisha kuijaribu kwa tupa,
akakwaruza mguu wake, akachoka.

Alhamisi Bwana Mundhir akaja,
kanzu imepigwa pasi mpaka inakata,
mkononi bakuli la halwa ya Barka.
Akanisemesha Kiswahili alichonyonya kwa mama yake,
kile kitamu, cha kuombea mkopo:
"Bibi, tupake kama lile la ushindi. Na ile nne, iwe mbili.
Nani atalala chini kuangalia?"
"Mimi nimelala," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka.
Akasema bei. Akasema bei nyingine.
Nikamwambia, njia ya mwongo ni fupi,
na gari hili, bwana, halikuzoea njia fupi.
Akaondoka. Bakuli akaliacha.

Usiku huo nililiwasha.
Likakohoa, likanipiga teke la moshi usoni, likazima.
Mara ya nne likashika,
na spana zote ukutani zikaanza kusemezana.
Hafidhur akatoka na taulo kiunoni,
akasimama mlangoni, hakuuliza tena habari ya jeneza.

Nimelirudishia manjano yake, si mpya sana.
Mguu wa saba nimeuacha ulipokatikia.
Mshono sikuugusa, ningeona haya.
Bwana Mundhir hajapiga simu, wiki ya tatu sasa,
halwa tumeimaliza, bakuli lina bolti.

Taa ya kushoto nimeitengeneza.
Hiyo sikuweza kuiacha.