Hatua Kumi na Tisa

Toka cherehani yangu hadi meza ya pasi
ni hatua kumi na tisa.
Sikujua. Miaka ishirini na sita nashona kanzu Guraya
na sijawahi kuzihesabu,
kama mtu asivyohesabu kope zake.

Aliyezihesabu ni Khuleita,
mwanagenzi, wiki ya tatu kazini,
sindano bado ikimchoma kidole.
Alitwaa chaki ya kukatia, akasimama mlangoni,
na kila alipoinuka mtu akachora kijiti ukutani.
Nikamwuliza: wachora nini hapo, deni?
Akajibu: ndiyo, fundi. Deni.

Kufika adhuhuri vijiti vimefika kwenye swichi ya taa.
Mselemu kumi na kimoja, kutafuta mkasi.
Bi Mwanatumu saba, kuuliza kola hii ya nani.
Mimi thelathini na vinne.
Mimi, niliyekuwa nikisema vijana wa leo wavivu,
kumbe kila wiki nafika Likoni kwa miguu na kurudi
bila kutoka dukani.
Jasho lilinitoka, na feni inazunguka.

Hatukununua mashine.
Tulisogeza meza ya pasi, basi.
Mkasi tukaupigia msumari wake,
na nyuma yake tukachora umbo lake kwa rangi nyekundu:
usipokuwapo, ukuta wenyewe wauliza.
Vifungo, madebe matatu
("vitafaa siku moja", ndivyo nilivyofundishwa),
tukavimwaga sakafuni usiku tukivichambua,
tukakuta vya rangi ambazo waliozivaa
wote wameshazikwa.

Zamani tulikata kanzu arubaini kwa mkupuo.
Zikalala rundo zikingoja mikono,
na shingo iliyokatwa kombo
tukaigundua mteja ameshafika, ameshavua viatu.
Sasa twakata nne. Zikitoka, nne nyingine.
Kosa likizaliwa, lafa changa.

Si kila jambo lilifaulu.
Tulijaribu kushona tumesimama.
Siku ya pili Bi Mwanatumu miguu ikamvimba kama mofa,
akanitazama tu, hakusema,
tukarudisha viti.
Khuleita akaandika ukutani: HILI HAPANA, na tarehe.
Nikamwambia lifute, wateja wataona.
Akasema: hili tumelilipia, fundi, kwa nini tulitupe?

Bandu bandu huisha gogo.
Nilidhani methali hiyo ni ya hasara tu,
ya mtaji unaoliwa kidogo kidogo na jamaa.
Sikuwaza kwamba gogo laweza kuwa
mazoea yangu mimi.

Ramadhani ile, mwezi ishirini na nane,
nilifunga duka kabla ya magharibi.
Nikafuturu nyumbani, mkekani, na watu wangu.
Mwanangu mdogo akaninong'oneza:
baba, waumwa?

Hapo ndipo nilipopata kiburi.
Nikaja na chaki nyumbani.
Nikamwambia Salha: birika liko mbali na jiko,
na hilo la kusimama dirishani kwa jirani kila jioni
kabla hujatia majani ya chai,
nimepima, dakika arubaini.
Nikachora kijiti kizuri, kilichonyooka.

Salha hakubishana.
Alikung'uta unga mikononi, akaniomba chaki,
akaanza kuchora chini ya changu.
Kimoja, kingine, akageuza ukurasa wa kalenda, akaendelea,
mpaka chaki ikawa kipande cha kushikwa kwa kucha.
Nikauliza: hivi ni vya nini?
"Kila ulipoingia mlango huu,
ukauliza chakula
usiniulize hali."

Sikuvihesabu. Mhesabuji nami nina mipaka yangu.
Birika liko palepale.
Jirani yu dirishani, wanacheka jambo nisilolijua.

Jana nilirudi saa kumi na mbili.
Nikavua viatu, nikaketi jikoni juu ya mbuzi ya nazi,
nikasema: Salha, umeshindaje?
Akanitazama muda mrefu,
kama atazamaye mshono, kama utashika.
Kisha akalowesha ncha ya leso
na kufuta kimoja.