Wa Kumi na Saba

Sulisuli wa kumi na saba msimu huu
nimemshika upanga wa mdomo kwa glavu ya mgeni,
nikamchoma kibati cha namba mgongoni,
nikamtembeza ubavuni mwa boti, injini ikinguruma taratibu,
hadi matamvua yakakumbuka kazi yake.

"Mwachie," akasema Nahodha Faki.
Nikamwachia.

Mgeni akalia. Wallahi, mtu mzima, kalia.
Akanikumbatia, akapiga picha,
akanipa noti iliyolowa.

Kumi na saba! Ukiwalaza pwani Makangale,
wa kwanza yuko mnadani,
wa mwisho anagusa mlango wa msikiti.

Jioni napita sokoni Konde,
shombo ya samaki mkubwa nguoni,
nanunua fungu la dagaa.
Mama hacheki tena. Anachambua vichwa,
anauliza kama aulizaye hali ya mgonjwa:
"Na huyu mmemrudisha?"
"Tumemrudisha."
"Alikuwa mkubwa?"

Nanyoosha mikono. Chumba hakitoshi.
Naufungua mlango:
mkono mmoja umebaki ndani na sisi,
karibu na sufuria,
mwingine uko nje, gizani,
unaelekea maji makuu.