Gramu Mia Tisa na Sabini

Mitsue ameipima kwenye mizani ya jikoni,
ileile ya kupimia unga wa soba:
kamera, lenzi, betri ndani, mkanda wake,
gramu mia tisa na sabini.
Akaiondoa, akaweka figili moja ya sokoni.
Figili ikashinda.
Akacheka peke yake, mkono mdomoni.

Ule mzinga wa zamani kauziwa kijana wa Niigata,
kilo nne na ushei, bila kuhesabu ile miguu mitatu
ambayo Tokuji aliibeba begani miaka ishirini na sita
kama mtu anayehama na nguzo ya nyumba.
Kijana aliunyanyua, akaguna.
"Uliwezaje, mama?"
"Sikuweza. Tuliweza."

Hii mpya ina menyu, na menyu ina maswali.
Unatafuta nini? inauliza.
Mtu, mbwa, treni, pikipiki,
ndege inayoruka, au ndege anayeruka?
Hapo ngeli ndiyo kila kitu: ukikosea
itampuuza tai
ikufuatilie abiria wa Osaka.

Juni, Murodo.
Basi limewashusha kati ya kuta za theluji
zilizobaki na vumbi, rangi ya sukari guru.
Yeye mbele. Tokuji nyuma, mkono mmoja
umeshika kamba ya mkoba wa mkewe,
kwa kuwa tangu mwaka juzi
macho yake yametoboka katikati:
akikutazama usoni, uso haupo;
yapo masikio, kola, ukingo wa kofia.
Daktari alimchorea duara jeusi kwenye karatasi.
"Kumbe mimi sarafu ya yeni tano," alisema,
na daktari hakujua kama acheke.

Kwale wa theluji hawaogopi watu huku.
Hatua kumi, kisha nane. Dume, nyusi nyekundu,
nusu kahawia, nusu bado majira ya baridi.
Mitsue akainua kamera kwa mkono mmoja
(mkono mmoja!)
na kabla hajajua kichwa kiko wapi
kisanduku cha kijani kikatua juu ya jicho,
kikaganda. Ndege akageuka, nacho kikageuka.
Akapita nyuma ya msonobari utambaao,
kikamsubiri kama mjukuu mlangoni.
Picha thelathini kwa pumzi moja, bila mlio.
Aliona haya kidogo.
Kazi hiyo ilikuwa ya nani?

"Nipe," Tokuji akasema.
Hajawahi kuiomba.
Akaishika mbele ya kifua, akaizungusha polepole
kama mtu anayetafuta upepo,
na Mitsue, akichungulia kioo begani pake,
akaona kisanduku kimewaka, kimeshika jicho,
na jicho lenyewe ni jiwe:
jiwe la kijivu lenye doa jeusi, la mviringo,
linalong'aa kwa maji ya theluji.
Akameza mate. Maneno ya huruma
yalikwisha kujipanga ulimini.
Umempata. Picha nzuri sana.

"Hapana," Tokuji akasema, wala hakuulizwa.
"Imetulia mno. Hiyo inatazama jiwe.
Yeye yuko kushoto. Kushoto zaidi.
Nimemwona kwa pembeni,
kule kwangu ambako bado kuna watu."

Na kweli. Hatua mbili kando ya jiwe, jike,
ameatamia, rangi yake changarawe tupu,
ambaye Mitsue hakumwona
wala zile gramu mia tisa na sabini.
Jike akapepesa, mara moja,
kama anayesema: basi, mmeshaona.

Hawakupiga. Wakageuka taratibu,
na kwa kugeuka tu Tokuji akawa mbele,
na Mitsue akajikuta ameshika kamba ya mkoba wake
bila kuulizana.
Njia ilikuwa na barafu kidogo. Nyayo zao za kuja
zilikuwa zimeanza kujaa maji.

Kamera kifuani pa mzee haikuzimwa.
Kisanduku kiliwaka, kikazimika, kikawaka,
kikijaribu kokoto, vifungo vya koti la mtalii,
skrubu ya kibao cha njia.

"Zima hiyo," Mitsue akasema. "Betri."

"Iache," akasema Tokuji. "Iache itafute."