Mgongo wa Karatasi za Saruji

Upande mmoja: mifuko mia sita ya saruji, gati namba saba,
kumi na miwili imechanika, sahihi ya karani, Gervasi Mwakio.
Upande wa pili, wino uleule, mwandiko uleule:
"Ndugu Teobaldi alizaliwa katika nyumba ya mtia rangi,
na hadi anakufa kucha zake zilikuwa za buluu."

Hivyo ndivyo baba alivyomleta Changamwe
mtu aliyezikwa miaka mia saba nyuma,
kipande kwa kipande, ndani ya soksi,
akipita naye geti la Kilindini mbele ya askari
waliompapasa wakitafuta sukari.

Kitabu chenyewe aliachiwa na padri aliyehamishwa,
Kilatini kitupu, robo yake imeliwa na mchwa.
Kilatini cha baba kilikuwa cha seminari, miaka mitatu,
kabla hajafukuzwa kwa sababu
ambayo mama huicheka na haisemi.

Neno la kwanza lilimshinda wiki nzima.
Mtawa aombaye chakula mlango hadi mlango:
aandike ombaomba?
Ombaomba alimjua, hukaa nje ya posta na kopo,
na hakuna amwitaye ndugu.
Akaandika Ndugu. Akafuta. Akaandika tena.

Theluji nayo. Teobaldi aliitembelea peku
majira mazima, mji hadi mji, akihubiri.
Baba akateremka Liwatoni kwenye barafu ya samaki,
akavua kiatu, akaweka wayo juu ya bonge,
akahesabu hadi arobaini huku wachuuzi wakimzomea,
akarudi nyumbani akichechemea,
akaandika: "inachoma."

Kisha mwaka wa njaa.
Teobaldi akapanda juu ya jiwe la muuza chumvi
akamtaja askofu kwa jina
na ghala la askofu kwa idadi ya magunia.
(Hapo baba amepiga mstari mara mbili. Karani kampata karani.)
Akafungwa mdomo miaka saba, asihubiri popote,
hata kwenye maziko ya mamake.
Ndipo akaanza kuandika.

Hotuba hiyo baba alimsomea Bi Mwanakombo, jirani yetu,
alfajiri, yeye akipika mahamri.
Alisikiliza, akageuza moja, akageuza la pili.
"Maneno mazuri, lakini yenenda kama mtu wa kiatu kimoja.
Yatie vina, karani."
Haya ni ya kanisani, baba akasema.
"Ya kanisani, ya msikitini, huyo mwenye ghala namjua.
Ana duka Kongowea."

Asubuhi tatu walikaa hivyo,
unga mikononi mwake, wino mikononi mwa baba,
mizani zikihesabiwa kwa mwiko kwenye ukingo wa karai:

*Ghala ulilolijenga, ufunguo kifuani,*
*Panya ndani wala unga, watoto wako njiani,*
*Matumbo wameyafunga, kwa magome ya mtini,*
*Sala utayoipanga, haivuki dirishani.*

Ubeti mmoja. Hotuba ilikuwa kurasa kumi na nne.
Wateja waliondoka bila mahamri.

Mimi ndiye ninayezichapa sasa karatasi hizi,
zinanuka gati, zinanikohoza.
Nimefika ya mwisho. Miaka saba imekwisha,
Teobaldi ameruhusiwa kusema, amepanda juu ya jiwe,
watu wamejaa hadi kwenye mapipa ya watia rangi:
"Nilipofunguliwa mdomo, ndugu zangu, nilikuta kwamba"

halafu mchwa.
Baba hakubuni neno. Aliacha nafasi,
mistari sita mieupe, akaweka nukta.

Jana niliinua karatasi hiyo dirishani.
Mwanga ulipopenya, tarakimu za upande wa pili
zikajitokeza ndani ya ule weupe, kinyumenyume,
nikazisoma polepole kama mtoto:
mahindi, gati namba tano,
pungufu magunia tisa,
hayajulikani yaliko.