Ulimbo

Saa kumi na moja alfajiri, Rondo.
Ukungu haujaamka juu ya misonobari ya serikali.
Chinguile ametangulia, viatu vya mpira,
darubini ya kuazima shingoni.
"Tangulizeni masikio," anasema,
"macho yatafuata."

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi.
Njia inanuka kumbikumbi na majani mabichi,
na kule bondeni, kwenye kinamasi,
vyura wanapandishiana bei
kama mnada wa korosho.

Hondohondo apita, mabawa yakikoroma.
Chozi. Tiva. Yule wa chini ni kurumbiza,
haonekani, msihangaike.
Mama mmoja wa Masasi, kalamu mkononi,
anamuuliza amesomea wapi.

"Nimewala," anajibu Chinguile.

Tunacheka. Yeye anatembea.
Kisha, bila kugeuka:
"Nilikuwa na miaka tisa. Nachemsha utomvu
mpaka uvutike, naupaka vijitini.
Nilijua nani anatua wapi, saa ngapi,
na akinaswa anamwita nani.
Njaa haisahau sauti."

Anasimama. Anakunja midomo, anapiga mluzi.

Kimya.
Tone laanguka kwenye daftari langu,
wino wa jina la ndege unatanuka.

Halafu kichakani, karibu mno,
kitu kinamjibu kwa mluzi uleule.

Sote juu darubini. Yake imening'inia.
Mimi, sijui kwa nini, naangalia mkono wake:
kidole gumba na cha shahada
vinasuguana, polepole,
kama vinabandua kitu
kisichobanduka.