Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Jalada limeliwa na mende pembeni
lakini uso wa mwimbaji upo: nyusi nyembamba,
glavu hadi kiwiko, tabasamu la mtu
aliyeambiwa asicheke, akacheka kidogo.
Shangazi Mwantumu aliinunua santuri hii shilingi nne
kwa Mgiriki wa mkonge, aliyekuwa akiuza vyake barazani,
kitanda, birika, saa isiyotembea,
mwaka ule shamba lilipobadili mwenyewe.

Nyimbo kumi na mbili, zote za kale,
za kale hata siku ile alipoziingiza studio;
zilikwishapita midomo mingi kabla ya mdomo huu.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
Mjomba Kilua alinuna:
"Nguo ya kuazima haisitiri maungo."
Shangazi, uzi mdomoni, mguu juu ya cherehani:
"Inategemea kaivaa nani. Huyu kaipunguza kiunoni."

Kiingereza chake hatukukijua.
Tulijua anapovuta pumzi kabla ya tarumbeta.
Tulijua besi, inatembea kama mtu mnene asiye na haraka,
na ile brashi juu ya ngoma,
kama kuna mtu anapepeta mchele chumba cha pili.
Tulijua pia kwamba upande wa pili, wimbo wa tatu,
lazima akwame:
neno lile, neno lile, neno lile,
hadi shangazi ainuke
agonge meza kwa subana, mara moja, ti,
naye aendelee bila kinyongo.

Nikakua nikidhani ndivyo ulivyotungwa.
Kwamba kila nyumba yenye wimbo huu
ina mtu wake wa kugonga.

Juzi Chausiku, mwanangu anayekaa Chumbageni,
kanitafutia kwenye simu. Safi.
Hauna vumbi, hauna mkwaruzo,
besi unaisikia hadi kwenye kucha.
Tulipokaribia pale nikainua kidole.
Mwimbaji akapita.
Hakusimama, hakungoja mtu,
wimbo ukaisha mapema mno.

"Neno gani lile?" nikamuuliza.
Akarudisha nyuma, akasikiliza, akacheka:
"Mama, ni 'na' tu."

Miaka yote ile. Na, na, na,
na sisi tumekaa kimya mkekani
kama tunaosubiri jina litajwe.

Subana bado ipo, kwenye kopo la vifungo.
Nimeijaribu.
Haivuki kiungo cha kwanza cha kidole changu.
Nimegonga nayo meza hata hivyo.